Miguu Safi ya Mama Lugano

Tusekile alivuta breki ya dharura gari la waya lilipokuwa juu kabisa ya korongo la Kiwira. Gari likajirusha mbele, likarudi nyuma, kisha likabaki linaning'inia na kuyumba ndani ya ukungu. Abiria wakapiga mayowe. Kikapu cha mtu kikapinduka, maparachichi yakabingirika sakafuni mpaka kwenye miguu ya dereva.

Alikuwa ameona waya. Waya mweusi, mwembamba, umekatika na unapepea mbele ya kioo. Dereva yeyote wa laini ya Mbeya na Tukuyu hufundishwa kwamba akiona kitu cha namna hiyo hangoji kuuliza, anavuta breki.

"Mama Lugano, kuna nini huko?" sauti ya Ambakisye, mkuu wa kituo cha Tukuyu, ikatoka redioni. Laini nzima ilimwita Tusekile hivyo, kwa jina la binti yake wa pekee.

"Waya umekatika. Upo mbele yangu hapa."

"Kamera za nguzo zote zinaonyesha nyaya ziko salama. Unauona upande gani?"

Tusekile akageuza kichwa kushoto ili auone vizuri. Waya nao ukaenda kushoto. Akageuka kulia, ukamfuata, ukichelewa kidogo kama kitu kinachoelea majini. Akafumba jicho la kulia. Bado upo. Akafumba la kushoto, na ule waya ukatoweka. Mbele yake palikuwa na ukungu tu, na nyaya mbili nene za laini zimenyooka kama kawaida yake.



"Dereva, tunakufa?" mama mmoja akauliza kwa nyuma, amemkumbatia mjukuu wake.

"Hatufi, mama. Kaeni chini wote, mshike vyuma." Kisha akasogea karibu na redio na kushusha sauti. "Ambakisye, tuvute wewe kutoka huko kituoni. Mimi sigusi mitambo tena."

"Waya je?"

"Waya umo jichoni mwangu."

*

Katika zahanati ya laini, nesi kijana alimwomba apandishe gauni na aweke mguu juu ya kioo.

Kila zahanati ilikuwa na kioo cha mguu. Kilikuwa kibao chenye mwanga wa kijani, kinachotazama ndani ya ngozi ya muundi na kupima mishipa midogo ya damu, ile iliyo myembamba kuliko unywele. Sukari ikikaa juu kwa miaka, kuta za mishipa hiyo hunenepa na kuwa dhaifu, zikaanza kuvuja. Damu inayovuja hufia chini ya ngozi na kuacha chuma chake, na chuma hicho ndicho kinachoonekana kama madoa ya kahawia kwenye miundi ya watu wenye kisukari. Madoa hayaumi wala hayawashi, na yenyewe hayamdhuru mtu. Lakini mishipa ya aina ile ile imo nyuma ya macho na ndani ya figo, mahali ambapo hakuna anayeiona. Ndiyo maana serikali ilisambaza vioo: ngozi iwe dirisha. Kioo kikitoa rangi nyekundu, mgonjwa anapelekwa hospitali akaangaliwe macho na figo. Kikitoa kijani, anarudi nyumbani.

Kisukari kilimpata Tusekile akiwa bado anasoma shule ya msingi. Madoa yalikuja baadaye, ya duara, kama matone ya chai yaliyokaukia kwenye ngozi. Aliyaficha kwa soksi ndefu. Lugano alipokuwa mdogo alikuwa akiyagusa kwa kidole na kusema, "Mama, nitakapokuwa mkubwa nitakutolea haya." Watoto husema mengi. Huyu alikwenda akasoma, akarudi na wafumaji.

Wafumaji walikuwa vijidude vya maabara, vidogo kuliko chembe ya damu. Walitembea mwilini mwote wakipima kila mshipa waliopitia, lakini kazi yao waliifanya kwenye ngozi: walikwangua kuta zilizonenepa, wakaziba palipovuja, wakazoa chuma. Mtu wa kwanza kuchomwa sindano hiyo alikuwa mama yake Lugano. Madoa yalififia mpaka yakaisha. Siku aliyovaa gauni fupi kwenda kanisani, alilia mlangoni kabla ya kuingia. Sasa picha ya miguu yake ilibandikwa katika kila zahanati nyanda za juu kusini, na hata hapa ilikuwa ukutani, juu ya kichwa cha nesi.

"Kijani," nesi akasema. "Mama, miguu yako haina mpinzani."

"Mimi sioni vizuri, mwanangu. Niandikie niende kwa daktari wa macho."

"Kioo kikisema kijani mfumo haunipi nafasi ya kukutuma. Labda ni uchovu. Umelala vizuri?"

Nje, Tusekile alikaa kwenye benchi akampigia binti yake.

"Lugano, leo nimesimamisha gari korongoni. Nimeona waya ambao haupo."

"Abiria wako salama?"

"Wako salama."

"Ni la kushoto?"

"Ndiyo, la kushoto. Kioo kinasema sina tatizo."

"Basi pumzika, mama. Ni uchovu. Nitakuja Jumamosi nikuone. Usihangaike huku na huku."

Alikata simu akiwa ametulia. Kusikia sauti ya Lugano kulimtuliza siku zote. Alikuwa anavuka barabara kurudi kwake alipogundua kwamba, kabla Lugano hajauliza, hakuwa amemwambia mtu yeyote ni jicho lipi. Akasimama pale pale katikati ya barabara, mpaka mwenye pikipiki akampigia honi.

*

Daktari Sanga alikuwa na chumba kimoja Mbeya mjini, nyuma ya duka la vitambaa. Tangu vioo vya mguu vilipokuja, wagonjwa wake walikuwa wazee waliotaka miwani ya kusomea. Alimtia Tusekile matone ya kupanua mboni, akangoja, kisha akainama na taa yake ya kizamani na kutazama kwa muda mrefu.

"Umekuja na nani?" hatimaye akauliza.

"Peke yangu."

"Ningependa ungekuwa na mtu." Akavuta kiti. "Mama, nyuma ya jicho mishipa yako midogo imeharibika sana. Mingine imeziba. Jicho limejaribu kuotesha mipya, lakini hiyo mipya ni laini mno, inapasuka. Huo waya unaouona ni damu inayoelea ndani ya jicho. La kulia bado halijavuja, lakini liko njia hiyo hiyo."

"Kioo kimesema kijani."

"Umechomwa wafumaji?"

"Ndiyo."

Daktari Sanga akavua miwani na kujipangusa uso. "Kioo kinatazama ngozi, na ngozi imekarabatiwa. Ni kama nyumba inaungua, mtu akaja akapaka rangi ukuta wa mbele. Huko ndani moto unaendelea, na anayepita barabarani anasifia rangi. Wewe si wa kwanza. Nimewaona wengine, wote miguu safi, macho yamekwisha."

"Waliotengeneza wafumaji wanajua?"

"Nilikwenda mwenyewe kwenye taasisi yao, mwaka jana, wakati wa mavuno ya maparachichi. Mkuu wa utafiti alinipokea kwa heshima sana, akanipa chai. Dada mmoja, Daktari Lugano. Akaniambia wanalijua tatizo, wanalifanyia kazi, akaniomba nisiwatishe watu. Nikamwamini." Akatikisa kichwa. "Sijui kwa nini nilimwamini. Alikuwa na upole fulani."

Tusekile alimwomba maji ya kunywa. Alipopewa, alishika glasi kwa mikono miwili na hakunywa.

"Wale wafumaji," akasema, "wanaweza kujua ni jicho gani limeharibika? Bila mtu kuniangalia?"

"Wanapita kila mahali penye damu, mama. Kutengeneza ndiyo hawawezi huko. Kuona wanaona, na wanachokiona kinakwenda taasisi kila siku."

Hakumwambia kwamba Lugano ni mwanawe. Aliona aibu, na aliona ajabu kwamba anayeona aibu ni yeye.

*

"Shikamoo, mama," Lugano akasema, akiinuka haraka kwenye kiti chake pale taasisi. Alikuwa mrefu kama baba yake marehemu, amevaa koti jeupe lenye doa la wino mfukoni.

Tusekile hakuitikia. Katika maisha yote ya Lugano, shikamoo yake haikuwahi kukosa marahaba.

"Nimetoka kwa Daktari Sanga."

Lugano akaketi tena polepole.

"Ulijua," mama yake akasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana. Taarifa zako zilianza kubadilika wakati wa mvua. Nilidhani ni makosa ya kipimo. Halafu wengine nao wakaanza." Alikuwa anasema haraka, kama mtu aliyejifunza maneno hayo muda mrefu. "Mama, naomba uje uone kitu kimoja. Ukishaona, nitukane utakavyo."

Akampeleka kwenye wodi iliyokuwa upande wa pili wa uwanja. Palikuwa na vitanda vya watu wenye vidonda vya kisukari. Mzee mmoja aliyeitwa Mwaijande alikuwa anatembea taratibu kati ya vitanda, amevaa kandambili. Alipomwona Lugano akainua mguu kumwonyesha kisigino. Kidonda kilichowahi kuonyesha mfupa kilikuwa kimefunga, ngozi mpya inang'aa kama ya mtoto.

"Walitaka kuukata hapa," mzee akamwambia Tusekile, akionyesha chini ya goti. "Huyu binti akasema ngojeni. Sijui mama yake alimlisha nini."

Tusekile akamjibu kwa kichwa tu. Walipotoka nje, Lugano alisimama kwenye kivuli cha jengo.

"Wafumaji wote wanafuata amri moja, mama. Baraza la Afya likisikia kwamba wanadanganya vioo, litaamuru wazimwe wote kwa pamoja. Ule mguu utaoza ndani ya wiki chache, na wengine kama ule. Nahitaji muda. Natengeneza wafumaji wa macho. Nilikuwa nakutengenezea wewe."

"Ungeniambia mimi peke yangu."

"Ungenyamaza?"

Tusekile alifikiri kwa uaminifu. "Nisingenyamaza."

"Basi ndiyo maana."

"Yaani unanijua vizuri kiasi hicho," mama yake akasema, "na ukaitumia hiyo kunifunga macho."

Lugano akatazama chini.

"Mimi ni mama yako. Labda ningekusamehe jicho langu. Lakini nyuma yangu wanakaa watu, Lugano. Kuna mama alikuwa amembeba mjukuu wake siku ile. Wewe ulikuwa hapa, mbele ya mashine zako, unaona jicho la dereva linakufa, na kila asubuhi unaniacha napanda gari. Uliwahi kuwafikiria?"

"Kila asubuhi."

"Kisha?"

"Kisha nilikuwa nawafikiria wa wodini."

Hilo lilikuwa jibu la kweli, na Tusekile aliona ni la kweli, na likamuuma kuliko uongo.

"Hao wengine wanaopofuka," akasema. "Unawajua?"

"Si wengi."

"Sikuuliza wingi."

"Nawajua. Kwa majina."

"Wapigie. Waambie waende hospitali."

"Nikimwambia mmoja, kesho lipo redioni. Mama, nipe mpaka mvua ziishe. Nakuomba. Macho yako nitayalipia matibabu popote, kimya kimya."

Kimya kimya. Tusekile alimtazama mwanawe kwa jicho lililobaki. Alikuwa amemlea peke yake, amemfundisha kusoma kwa vibao vya majina ya vituo. Sasa alihisi kama anayeuliza njia kwa mtu asiyemfahamu.

"Nitarudi na gari la jioni," akasema. "Usinisindikize."

*

Baraza la Afya, ambako Tusekile na Daktari Sanga walipeleka malalamiko yao, lilikaa katika ukumbi wa halmashauri, Tukuyu. Tusekile aliombwa aweke mguu kwenye kioo mbele ya watu wote. Kioo kikatoa kijani. Kisha Daktari Sanga akaonyesha ukutani picha ya jicho lake la kushoto: mabaka mekundu yametapakaa, mishipa imejisokota kama mizizi iliyokosa udongo.

Mzee Mwaijande alikuwa amekaa mstari wa mbele. Akasimama bila kuruhusiwa.

"Mama, mimi nimekukosea nini?" Akauinua mguu wake. "Wakizima hivi vitu, mimi nakatwa mguu. Jicho lako limekwisha, pole, nakuhurumia. Lakini mguu wangu utalirudisha?"

Mwenyekiti akataka kumkalisha, lakini Tusekile akainua mkono.

"Hautalirudisha, mzee wangu. Sikuja kuomba wazimwe. Wakiwazima ukakatwa mguu, na mimi nitakuwa nimekudhulumu." Akageukia meza ya baraza. "Nimekuja kusema kwamba kioo hakioni tena. Mtu mwenye wafumaji akisimama mbele ya kioo, anaambiwa yu mzima hata kama anapofuka. Waacheni wenye vidonda na dawa yao. Lakini mtu aambiwe ukweli wa mwili wake. Mimi sikuambiwa. Nikiwa juu ya korongo na watu nyuma yangu, sikuambiwa."

Mwenyekiti akamwita Daktari Lugano asimame. Akamuuliza kama taasisi ilijua.

Mwanasheria wa taasisi alikuwa amekwisha kuinuka na jibu refu mkononi. Lugano akamtazama mama yake. Tusekile hakukwepa, wala hakumpa ishara yoyote, ya huruma au ya hasira.

"Nilijua," Lugano akasema. "Wakubwa zangu niliwaambia sehemu tu. Wagonjwa sikuwaambia kabisa."

Baraza lilibishana mpaka siku ya pili. Wafumaji waliruhusiwa kubaki kwa wenye vidonda, sindano mpya zikasimamishwa, na vioo vikaondolewa kwa kila aliyewahi kuchomwa: hao wote wapimwe macho na figo kwa njia ya zamani. Lugano alivuliwa ukuu wa utafiti. Amri ya mwisho iliwahusu wale ambao taarifa zao zilikuwa mbaya tayari. Hawakutakiwa kupigiwa simu. Aliyejua akanyamaza alitakiwa aende kwa kila mmoja, nyumbani kwake, amwambie uso kwa uso.

Tusekile alichomwa leza macho yote mawili. La kulia likaokoka. La kushoto likabaki na mwanga wa kijivu, kama dirisha lenye pazia zito. Alimrudishia Ambakisye kitambulisho chake cha udereva kabla hajaombwa. Ambakisye akamkumbatia tu pale kwenye ngazi za kituo.

*

Asubuhi ya kwanza ya mzunguko ule, Lugano alimkuta mama yake amekaa kwenye gari la taasisi, kiti cha nyuma, amevaa kanga juu ya sweta kwa sababu ya baridi.

"Mama. Baraza halijakulazimisha wewe."

"Najua."

Waliondoka. Barabara ilipita katikati ya mashamba ya chai ya Katumba, majani yamelowa, wachumaji wakiwa wameinama. Lugano alishika usukani kwa mikono miwili na mara kwa mara akamtazama mama yake katika kioo cha ndani.

"Umenisamehe?" akauliza mwishowe.

"Hapana."

"Sasa kwa nini umekuja?"

"Nimekuja kuhakikisha unasema yote."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mwalimu mstaafu wa hesabu, Asajile, mtu mwembamba mwenye mvi aliyekuwa anafunga mti wa pesheni kwenye uzio wake. Alipomwona Lugano akaangusha kamba na kupiga makofi.

"Daktari wangu! Mke wangu, njoo uone ni nani amekuja!" Akawashika mikono wote wawili, akavuta viti kivulini, akafuta vumbi kwa shati lake mwenyewe. Kabla hawajaketi alikuwa amekwisha kukunja suruali mpaka magotini. "Tazama mwenyewe. Hata doa moja! Wajukuu wangu wananiita kijana. Miaka mingapi nilikuwa naona haya kuvaa kaptura?"

Miundi yake ilikuwa safi, laini, imepakwa mafuta.

Mkewe akatoka na chupa ya chai na vikombe. Alipokuwa anamimina, mwalimu alinyoosha mkono kupokea kikombe chake, na vidole vyake vikapita pembeni, vikashika hewa. Akacheka kidogo, akapapasa mpaka akakipata.

Lugano aliona. Akageuka kumtazama mama yake, macho yamejaa, kama alipokuwa mdogo na amesahau shairi lake mbele ya darasa, na Tusekile, kutoka nyuma kabisa, alimchezeshea midomo maneno yaliyofuata.

Tusekile alitazama mbele, kwenye chai. Midomo yake haikusogea.

Lugano akaweka kikombe chini.

"Mwalimu," akasema, "naomba uketi. Na mama mwenye nyumba naye aketi. Kuna jambo kuhusu macho yako ambalo nimelijua tangu mwaka jana."